Nyumba Njema si Mlango: Historia ya Vijiji vya Makumbusho na Funzo Lake kwa Kongo

1. Utangulizi

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa kawaida methali hiyo hutumiwa kuwaonya wale wanaohukumu mambo kwa sura yake ya nje. Katika makala haya itachukuliwa kwa maana yake ya wazi kabisa, maana mada inayochunguzwa ni nyumba zenyewe: nyumba za zamani zilizokusanywa mahali pamoja, zikasimamishwa upya, na kufunguliwa ili watu waingie na kuona jinsi wazee walivyoishi. Mahali kama hapo Watanzania hupaita kijiji cha makumbusho, na jina hilo ndilo litakalotumika hapa.

Kijiji cha makumbusho hakifanani na makumbusho ya kawaida. Katika makumbusho ya kawaida kila kitu hutolewa mahali pake na kuwekwa peke yake nyuma ya kioo: kinyago hapa, mkuki pale, chungu kule. Katika kijiji cha makumbusho chungu hubaki mafigani, kitanda hubaki chumbani, jembe huegemezwa ukutani, na mgeni hupita kati ya vitu hivyo kama apitavyo katika nyumba ya jirani yake. Ndiyo sababu aina hii ya makumbusho hupendwa na watu wengi, hata wale ambao hawajui kusoma.

Hata hivyo, kuna swali ambalo kila kijiji cha namna hiyo hulazimika kulijibu: nyumba ikisimamishwa ili itazamwe, ni nani anayeheshimiwa, na ni nani anayegeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa? Historia ya zaidi ya miaka 100 yaonyesha kwamba umbo lilelile la kijiji limetumika kwa heshima na limetumika kwa dharau, wakati mwingine katika nchi moja na katika mwaka mmoja. Kwa wasomaji wa Kongo swali hilo si la mbali. Wakongo saba wamezikwa Tervuren, karibu na Brussels, kwa sababu ya kijiji kilichojengwa ili watu wakitazame.

2. Skansen, chanzo cha vijiji vya makumbusho

Kijiji cha makumbusho kinachojulikana kuliko vyote ni Skansen, kilichofunguliwa tarehe 11 Oktoba 1891 katika kisiwa cha Djurgården, jijini Stockholm, nchini Uswidi. Mwanzilishi wake alikuwa Artur Hazelius (1833–1901). Inafaa kukumbushwa katika jarida hili kwamba Hazelius hakuanza kama mtu wa makumbusho. Alikuwa mwalimu na mtaalamu wa lugha, na mwaka 1869 alishiriki katika mkutano wa Stockholm uliojadili tahajia ya lugha za Skandinavia. Mtu huyo aliyeanza kwa kushughulikia maneno ndiye aliyeishia kukusanya nyumba.

Sababu ya badiliko hilo ni safari. Mwaka 1872 Hazelius alisafiri katika jimbo la Dalarna, akaona kwamba mavazi, vyombo na desturi za wakulima zilikuwa zinatoweka upesi. Reli, viwanda na bidhaa za madukani zilikuwa zinabadilisha maisha ya vijijini. Tena, kati ya miaka ya katikati ya karne ya 19 na miaka ya 1920, Waswidi zaidi ya milioni moja waliihama nchi yao, wengi wao wakielekea Marekani, na kila familia iliyohama iliacha nyuma nyumba yenye mlango uliofungwa. Mwaka 1873 Hazelius alifungua mkusanyo wake wa kwanza jijini Stockholm, nao ndio uliokuja kuwa makumbusho yaitwayo Nordiska museet. Lakini vyumba havikumtosha. Mwaka 1885 alinunua nyumba nzima ya magogo kutoka Mora, katika jimbo lilelile la Dalarna, na miaka sita baadaye akapata kilima cha kuisimamisha pamoja na nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mafundi seremala. Nyumba za vijijini za kaskazini mwa Ulaya hujengwa kwa magogo yanayolazwa moja juu ya jingine na kukatwa pembeni ili yashikane bila misumari. Kwa hiyo nyumba huweza kubomolewa pole pole, kila gogo likatiwa alama yake, yote yakapakiwa katika mabehewa, na kusimamishwa upya mahali pengine kwa kufuata alama hizo. Leo Skansen ina majengo yapatayo 150 kutoka pande zote za Uswidi: nyumba za matajiri na za maskini, kanisa, shule, vinu, na karakana ambamo mafundi hufanya kazi mbele ya wageni. Tangu mwanzo nyumba hizo zilikuwa na watu waliovaa mavazi ya mahali nyumba ilikotoka, wenye kueleza matumizi ya kila chombo.

Mwenge huo ulienea haraka. Norwei ilikuwa imeanza mapema kidogo: Mfalme Oscar II aliamuru nyumba kadhaa za kale zikusanywe huko Bygdøy, karibu na mji ambao leo huitwa Oslo, tangu mwaka 1881. Huko Lillehammer, daktari wa meno aitwaye Anders Sandvig alianza kununua nyumba za bonde lake, na mwaka 1904 zikawa makumbusho ya Maihaugen. Huko Denmark Bernhard Olsen alifungua kijiji chake mjini Copenhagen mwaka 1897, kikahamia Lyngby mwaka 1901. Uholanzi ilifungua cha Arnhem mwaka 1918. Rumania ikafuata mwaka 1936 kwa kijiji cha Bucharest kilichoanzishwa na Dimitrie Gusti. Jina la kilima cha Stockholm, ambalo maana yake ni ngome ndogo, lilipata kuwa nomino ya kawaida katika lugha kadhaa: Wapolandi na Wacheki huita kila kijiji cha makumbusho "skansen".

Lengo la Hazelius lilikuwa kwamba taifa lijijue. Mkulima wa Dalarna aliyedharauliwa na watu wa mjini alipoona nyumba ya baba yake imesimamishwa katika mji mkuu na kuzuriwa na mfalme, alipata heshima ambayo hakuwa nayo. Hilo ndilo jema la Skansen. Lakini katika kilima hichohicho palikuwa pia na kambi ya Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Familia za Wasami ziliwekwa hapo na mifugo yao ili wakazi wa Stockholm wazitazame. Mwanamke wa Kiswidi aliyevaa mavazi ya Dalarna alikuwa mfanyakazi aliyeeleza historia ya watu wake. Msami alikuwa yeye mwenyewe sehemu ya maonyesho. Tofauti hiyo, ndogo kwa macho ya wengi wakati ule, ilikuwa dalili ya mambo makubwa yaliyokuwa yakitendeka nje ya Uswidi.

3. Tervuren, 1897

Katikati ya miaka ya 1870, wakati Hazelius alipokuwa akikusanya vyombo vyake vya kwanza, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, Carl Hagenbeck, alianza kuleta watu wa nchi za mbali pamoja na wanyama wake na kuwaonyesha kwa malipo. Kundi lake la kwanza lilikuwa la Wasami. Biashara hiyo ilipata faida kubwa, na mara maonyesho ya kimataifa ya Ulaya na Marekani yakaiga mfano huo: vibanda vilijengwa katika bustani, watu wakawekwa humo, na tiketi zikauzwa.

Mwaka 1897 Maonyesho ya Kimataifa yalifanyika Brussels. Sehemu ya makoloni iliwekwa Tervuren, katika bustani ya kifalme, kwa matakwa ya Leopold II, ambaye tangu mwaka 1885 alikuwa mtawala wa Dola Huru ya Kongo. Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, waliletwa kwa meli, miongoni mwao wakiwemo askari wa Force Publique. Kando ya mabwawa ya bustani hiyo vilijengwa vijiji vya vibanda. Mchana watu hao walitakiwa kupika, kusuka, kupiga ngoma na kuendesha mitumbwi majini, huku umati ukiwatazama kutoka ng'ambo ya ua. Wageni zaidi ya milioni moja walipita hapo. Kwa kuwa watazamaji walikuwa wakiwarushia chakula, kibao kiliwekwa kuwakataza, kikieleza kwamba watu hao wanalishwa na kamati ya maonyesho.

Majira ya joto ya mwaka huo yalikuwa ya baridi na mvua. Watu saba waliugua na kufa. Majina yao yanajulikana: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako hadi leo ubavuni mwa kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili huko Tervuren.

Ni vema kutazama tarehe hizo kwa pamoja. Mwaka 1897 Bernhard Olsen alifungua milango ya nyumba za wakulima wa Denmark ili Wadenmark wajivunie wazee wao. Mwaka huohuo, safari isiyo ndefu kwa garimoshi kutoka hapo, kijiji cha Wakongo kilijengwa ili Wabelgiji waamini kwamba wanatawala watu wasio na historia. Vijiji vyote viwili vilikuwa na nyumba, vyombo vya jikoni, mavazi na kazi za mikono. Kilichovitenganisha ni kwamba mwenye nyumba wa Copenhagen alikuwa pia mwenye kusimulia, ilhali mwenye nyumba wa Tervuren alinyimwa ulimi. Tena, nyumba ya Denmark ilikuwa nyumba ya kweli, iliyozaliwa ndani yake watu na kufa ndani yake watu. Kibanda cha Tervuren kilijengwa kwa ajili ya kutazamwa tu, na bado watu wakafa.

Kutokana na maonyesho hayo palitokea makumbusho ya kudumu mwaka 1898, na jengo kubwa lijulikanalo hadi leo lilifunguliwa mwaka 1910. Makumbusho hayo yalifungwa mwishoni mwa mwaka 2013 kwa matengenezo na kufunguliwa tena Desemba 2018. Katika ukumbi mmoja mna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo zama za Leopold. Msanii Mkongo Freddy Tsimba aliandika majina ya wale saba juu ya vioo vya madirisha yanayoelekea ukuta huo. Jua linapowaka, kivuli cha majina ya Wakongo huangukia majina ya Wabelgiji. Ilichukua miaka 121 majina hayo kuingia ndani ya nyumba.

4. Mwaka 1958: nyumba mbili za udongo

Ubelgiji yenyewe haikuwa na kijiji kikubwa cha makumbusho cha wakulima wake hadi katikati ya karne ya 20. Mwaka 1958 kilifunguliwa kijiji cha Bokrijk, karibu na mji wa Genk katika jimbo la Limburg, chini ya uongozi wa Jozef Weyns. Nyumba za mashamba kutoka Kempen, Haspengouw na majimbo mengine ya Flandria zilibomolewa, zikasafirishwa, na kusimamishwa upya katika msitu wa jimbo.

Mgeni kutoka Kongo anayezuru Bokrijk huenda akashangazwa na jambo moja. Nyingi za nyumba hizo zimejengwa kwa namna anayoijua vizuri: nguzo za miti zimesimamishwa, fito zimepitishwa kati ya nguzo, udongo umekandikwa juu ya fito, na paa limeezekwa kwa majani makavu. Ndivyo walivyoishi wakulima wengi wa nchi hiyo kwa karne nyingi, na katika sehemu nyingine hadi karibu na siku za babu wa wale walioizuru Bokrijk mwaka ule. Huko Bokrijk ukuta wa udongo uliitwa urithi, na mafundi walilipwa ili wajifunze upya namna ya kuukandika.

Mwaka huohuo wa 1958, kuanzia tarehe 17 Aprili hadi tarehe 19 Oktoba, Brussels ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, yale yaliyoacha mnara wa Atomium. Katika sehemu ya Kongo kulijengwa tena kijiji cha vibanda vya majani, na mafundi Wakongo wakawekwa humo kufanya kazi zao nyuma ya ua. Watazamaji waliwarushia ndizi na sarafu. Lakini mwaka 1958 haukuwa mwaka 1897. Mafundi hao walilalamika, na kabla ya maonyesho kumalizika wakarudi kwao. Kijiji kikabaki bila watu. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru wake.

Hivyo katika nchi moja na katika mwaka mmoja, ukuta wa udongo wa Limburg ulikuwa ushahidi wa ustadi wa wazee, na ukuta wa namna ileile wa Kongo ulikuwa ushahidi wa kukosa maendeleo. Udongo ni udongo. Hukumu ilitoka kwa yule aliyeshika ufunguo wa mlango.

5. Vijiji vya makumbusho barani Afrika

Nchi za Afrika zilipojipatia uhuru, baadhi yao zililichukua umbo hilohilo na kulipa kazi mpya. Huko Niger makumbusho ya taifa ya Niamey, yaliyofunguliwa mwaka 1959 chini ya Pablo Toucet, yaliweka katika bustani yake nyumba za Wahausa, Wazarma, Wafulani na Watuareg, pamoja na karakana za mafundi wanaouza kazi zao. Huko Jos, nchini Nigeria, msanifu majengo Zbigniew Dmochowski alisimamia ujenzi wa nakala kamili za majengo mashuhuri ya udongo, ukiwemo msikiti wa Zaria. Dmochowski alikuwa Mpolandi, mtoto wa nchi ambamo "skansen" ni neno la kila siku. Kenya ilianzisha Bomas of Kenya huko Lang'ata mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kwa wasemaji wa Kiswahili mfano ulio karibu zaidi ni Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967 kando ya barabara ya Bagamoyo. Humo mna msonge wa Wahaya, ulioezekwa kwa majani kutoka kileleni hadi chini; mna tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo; mna nyumba za Wachaga, Wazaramo, Wanyakyusa, Wasukuma na wengineo. Kijiji hicho kiliifanya hata sehemu ile ya jiji iitwe Makumbusho.

Hapa panaonekana tofauti kubwa kati ya Skansen na Dar es Salaam. Nyumba ya magogo ya Mora ilihamishwa. Magogo yaliyopo Stockholm ni yaleyale. Tembe la udongo halihamishiki. Ukilibomoa, unabaki na kichuguu. Tena, nyumba ya udongo na majani haidumu: mchwa hula nguzo, mvua huosha ukuta, na paa huhitaji kuezekwa upya baada ya miaka michache. Kwa hiyo nyumba ya Dar es Salaam haikuweza kuwa nyumba ya kale yenyewe. Ilibidi ijengwe, kisha ijengwe tena na tena. Kinachohifadhiwa hapo ni ujuzi wa mikono. Siku fundi wa mwisho ajuaye kuezeka msonge atakapofariki bila mwanafunzi, msonge wa makumbusho nao utakuwa umepewa miaka michache tu ya kusimama.

Pamoja na ujuzi huenda maneno. Mjenzi wa pwani hutofautisha nguzo na mwamba, kombamoyo na mtambaapanya, fito na boriti. Anajua kukandika ni kitendo kingine na kuezeka ni kingine. Kijana aliyekulia chini ya bati na ukuta wa matofali ya saruji hana haja ya maneno hayo, nayo hubaki katika kamusi kama vyungu kabatini. Hazelius, aliyetoka katika elimu ya lugha, hangeshangazwa na jambo hilo.

Kijiji cha Dar es Salaam hakikukosa mikinzano yake. Kilifunguliwa katika mwaka wa Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967. Miaka michache baadaye Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 iliwahamisha Wagogo kutoka makao yao yaliyotawanyika na kuwaingiza katika vijiji vipya, na kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya wananchi nchini kote. Wananchi walihimizwa kujenga "nyumba bora", yaani za matofali na bati. Kwa hiyo dola ileile iliyolitunza tembe katika mji mkuu wa wakati ule ndiyo iliyowataka wenye tembe walihame. Haifai kuwalaumu viongozi kwa kutafuta maji, shule na zahanati kwa wananchi wao. Lakini ni wazi kwamba nyumba huweza kusifiwa katika makumbusho kwa sababu imekwisha kuhukumiwa kufa nje ya makumbusho.

Tangu mwaka 1994 kijiji hicho kilianza utaratibu mpya, siku za utamaduni ambazo kabila moja hualikwa kuonyesha mila zake. Jambo la maana katika utaratibu huo si ngoma wala vyakula, ingawa hivyo ndivyo vinavyovuta watu. Jambo la maana ni kwamba jamii yenyewe huamua kitakachoonyeshwa na namna ya kukieleza. Mwenye nyumba amerudishiwa ulimi.

6. Watu wasioonekana

Dharau ina njia mbili. Ya kwanza ni kumweka mtu mbele ya macho bila kumpa nafasi ya kusema, kama ilivyokuwa Tervuren. Ya pili ni kuionyesha nyumba na kumficha aliyeishi humo. Mfano wa njia hii ya pili ni Williamsburg, mji uliokuwa makao makuu ya Virginia, huko Marekani, kuanzia mwaka 1699 hadi 1780. Tangu mwaka 1926 tajiri John D. Rockefeller mdogo alitoa fedha ili mji huo urudishwe katika sura yake ya karne ya 18. Majumba ya magavana na waungwana yalisimamishwa kwa uangalifu wa ajabu. Lakini kiasi cha nusu ya wakazi wa mji ule katika karne hiyo walikuwa Waafrika na watoto wao, wengi sana wao watumwa, na kwa muda wa miaka 50 hivi mgeni aliweza kuzunguka mji mzima bila kuelezwa habari zao. Ni mwaka 1979 tu ndipo makumbusho yalipoanza kuwa na wasimulizi Weusi waliozungumza juu ya wapishi, washona nguo na wachukuzi wa maji. Nyumba zilikuwa zilezile. Historia iliyosimuliwa ndani yake ilikuwa imepungua nusu.

Mfano huo unaihusu Kongo moja kwa moja. Mtu akiulizwa leo ni nyumba zipi za Kongo zinazostahili kijiji cha makumbusho, atataja haraka nyumba za Wakuba zenye kuta za mikeka yenye nakshi, au kumbi za Wamangbetu ambazo msafiri Georg Schweinfurth alizistaajabia mwaka 1870 alipofika kwa mfalme Mbunza. Atakuwa amesema kweli. Lakini kuna nyumba nyingine ambayo huenda asiitaje, kwa sababu ameizoea mno: nyumba ndogo ya matofali ya kambi ya wafanyakazi wa migodi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilitegemea vibarua waliokuja kwa muda mfupi na kurudi makwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili siasa yake, ikataka mfanyakazi akae na mkewe na watoto wake karibu na mgodi. Hivyo zikajengwa kambi za nyumba zilizopangwa mistari mistari, zenye zahanati, shule na posho ya kila wiki, chini ya macho ya mkuu wa kambi. Ndani ya nyumba hizo walikutana Waluba, Wabemba, Walunda, Wasongye na wengine wengi, na lugha waliyoisema kuvuka uzio kati ya nyumba na nyumba ilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kililelewa katika kambi hizo. Nyumba ya kambi basi ni chumba alimokulia msemaji wa Kiswahili wa Katanga, kama vile msonge ulivyo kwa Mhaya. Nayo inatoweka: vyumba huongezwa, kuta hubomolewa, viwanja huuzwa.

Kazi ya kukusanya kumbukumbu hizo imekwisha kuanza. Mwaka 2000 ulizinduliwa mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki wakiwa miongoni mwa waongozi wake, na maonyesho yake yalifanyika katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Wakazi wa mji walileta vitu vya nyumbani mwao na kueleza wenyewe habari zake. Sinia, redio na picha ya harusi viliingia katika makumbusho vikiwa na sauti za wenyewe. Nyumba nzima bado haijaingia.

7. Hitimisho

Kutokana na historia hii mambo matatu yanaweza kusemwa juu ya kijiji cha makumbusho ambacho Kongo huenda ikajijengea siku moja.

La kwanza ni kwamba fundi ni wa thamani kuliko jengo. Nchi ya nyumba za udongo, majani na mikeka haiwezi kuiga Skansen kwa kuhamisha magogo. Yapasa fundi alipwe, apewe wanafunzi, na maneno yake ya kazi yaandikwe pamoja na vipimo vya nyumba yake, katika lugha yake na katika Kiswahili.

La pili ni kwamba mlango ufunguliwe na mwenye nyumba. Kijiji ambamo watu huchezeshwa ngoma kwa ajili ya wageni, bila wao wenyewe kupanga yasemwayo, kitakuwa ni Tervuren iliyohamishiwa Kongo, hata kama mkurugenzi wake ni Mkongo.

La tatu ni kwamba nyumba ya jana iwekwe karibu na nyumba ya juzi. Nyumba ya mikeka ya Wakuba na nyumba ya matofali ya kambi ni za historia moja, na aliyeishi katika ile ya pili aliacha ile ya kwanza au nyumba nyingine kama hiyo. Kumwonyesha mmoja na kumficha mwenzake ni kurudia kosa la Williamsburg.

Tena, kijiji hicho kitahitaji mahali pa watu wasiokuwa na nyumba ya kuonyeshwa. Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange walikaa siku zao za mwisho katika vibanda ambavyo havikuwa vyao, mbele ya watu waliodhani kwamba wameiona Kongo. Wageni wale zaidi ya milioni moja walitazama kuta na mapaa. Hakuna aliyekaribishwa ndani.